Kutoka Kisumu hadi Malé, Maldivi: siku tisa za kukirimiwa baharini

Siku ya 1: Kisumu – Nairobi – Mombasa

Safari ya meli huweza kuharibika ukiwa bado Kisumu, na mara nyingi kinachoiharibu ni kadi ya manjano. Shelisheli na Maldivi zote hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka Kenya, na cheti hicho hakihesabiki mpaka siku 10 zipite baada ya sindano. Anayechanjwa Jumatatu ili apande meli Ijumaa anabeba karatasi itakayokuwa halali akiwa ameshakataliwa. Aliyechanjwa miaka mingi iliyopita asihangaike: tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kama ndani kimeandikwa miaka 10.

Kikundi ni watu 12, wengi walimu wastaafu wa Kisumu, Ahero na Maseno, na wawili wa Nakuru watakaochukuliwa njiani. Wanaondoka saa kumi na moja alfajiri kwa matatu ya kukodi, chai Kericho, halafu treni ya alasiri kutoka Syokimau. Wanalala Mombasa kabla ya siku ya kupanda. Hiyo gharama ya usiku mmoja hotelini isikatwe. Meli ina nafasi yake gatini na rubani wake wa bandari, na haisubiri lori lililolala barabarani pale Mai Mahiu.

Jioni, kabla ya kulala, kila mtu apange mkoba wa mkononi: pasipoti, dawa, chaja, miwani, nguo ya kubadili. Sanduku kubwa kesho litachukuliwa mlangoni na huenda lisionekane tena mpaka usiku.

Siku ya 2: Mombasa, kupanda

Ni Januari, majira ya kaskazi, na maji ya Kilindini yametulia. Meli za kitalii huja upande huu kati ya Novemba na Aprili kwa sababu hiyo. Kusi likianza, zinahama.

Masanduku yanapita kwenye mashine ya eksirei yakiwa na vibandiko vya namba ya kabini. Pasi ya nguo, birika la umeme, mshumaa na eksitenshoni havipiti, kwa sababu moto ndio adui wa kwanza wa meli. Kitu kikionekana kwenye skrini, sanduku zima linazuiliwa chini, na mwenyewe anakaa kabini akidhani limeibwa. Akifika saa mbili usiku bila mzigo, aende kaunta ya wageni aulize kama limeshikwa.

Kwenye ngazi ya kuingilia kuna picha, kinywaji cha baridi na tabasamu. Ile picha inayopigwa kama mzaha inaunganishwa na kadi ya kabini, na kila kadi itakapochanganuliwa mlangoni, sura itatokea kwenye skrini ya mlinzi. Ukarimu wa melini umejengwa hivyo karibu wote: kitu kitamu mbele, kazi nyuma yake. Atakayeshika hilo siku ya kwanza ataelewa mengi ya siku zinazofuata.

Kabla ya meli kung'oa nanga kuna zoezi la dharura: milio saba mifupi na mmoja mrefu. Zamani sheria iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24 baada ya abiria kupanda. Baada ya Costa Concordia kupiga mwamba huko Italia tarehe 13 Januari 2012, wengine wakiwa ndio kwanza wamepanda siku hiyo, sheria ilibadilishwa, na tangu 2015 zoezi hufanywa kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Baa hufungwa wakati huo. Usikasirike.

Saa kumi na mbili jioni mhudumu wa kabini anagonga mlango kujitambulisha. Ana kabini 14 hadi 18 na dakika mbili tu kwa kila moja, lakini dakika hizo humwokolea saa nyingi baadaye. Anauliza mambo manne: jina linatamkwaje, vitanda viunganishwe au vitenganishwe, barafu inahitajika, na asubuhi mnaamka mapema au mnachelewa. Kitanda kikubwa cha kabini kwa kawaida ni viwili vidogo vilivyosukumwa pamoja chini ya shuka moja. Walimu wawili wa kike wanaoshiriki chumba wasione haya kusema "tenganisha". Ni kazi ya dakika 10 leo, na kesho kutwa itakuwa ombi la ziada.

Kijana wa kwetu anayefanya kazi hii hukwama kwenye jina. Nyumbani mama wa miaka 68 haitwi kwa jina lake. Kampuni inataka jina la ukoo litamkwe wazi kila unapokutana naye. Njia iliyozoeleka ni kumwambia mwanzoni, kwa Kiswahili, "Shikamoo mama, kazini nitakuita kwa jina la kwenye kadi," kisha kumwacha acheke. Wasimamizi hawana shida na salamu. Wanachopima ni kama jina lilitajwa.

Siku ya 3: baharini

Mombasa hadi Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, ni takriban maili 950 za baharini. Kwa mwendo wa mafundo 16, yaani maili 16 za baharini kwa saa, ni saa 59 hivi, yaani siku mbili nzima bila kuona ardhi.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa siku ya tatu ndiyo ukarimu unapoanza kwa kweli, kwa sababu wahudumu sasa wanajua sura. Kwenye meza ya jioni, msaidizi wa mhudumu amekwishaandika jana nani alikunywa maji ya moto, nani alikataa nyama ya nguruwe, nani ana mkono wa kushoto. Leo glasi ya yule wa mkono wa kushoto iko upande wake kabla hajakaa. Wageni huona kama miujiza. Ni daftari dogo mfukoni tu. Anayebadili meza kila usiku anaikosa huduma hii, kwa hiyo kikundi kiombe meza moja kwa safari nzima, na ombi hilo lifanywe siku ya kupanda, kwa msimamizi wa ukumbi, kabla meza hazijajaa.

Asubuhi wachache wanaumwa na bahari. Dawa ya kwanza inayoletwa kabini ni tofaa la kijani na biskuti kavu za chumvi, ya pili ni tangawizi. Usilale kitandani huku umefumba macho kwenye kabini ya mbele. Shuka deki za chini katikati ya meli, mahali panapoyumba kidogo zaidi, au kaa nje ukitazama upeo wa macho. Tumbo tupu huzidisha. Holland America Line ina desturi ya zamani ya kuweka bakuli la tangawizi iliyokaushwa kwa sukari kwenye mlango wa ukumbi wa chakula, na pia ya kuita watu mezani kwa kugonga vibao vya muziki kwenye korido. Wazee waliopanda treni ya usiku ya zamani Nairobi hadi Mombasa wataitambua sauti hiyo mara moja. Mhudumu wa reli alipita behewa hadi behewa na marimba yake ndogo namna hiyo hiyo.

Mlangoni pa bafe anasimama kijana anayeimba na kucheza, akiwasihi watu wanawe. Kuna sinki zenye maji ya moto na sabuni. Wageni wengi hupiga sanitaiza kiganjani na kupita. Hilo ndilo kosa, maana kirusi cha noro, kinachoweza kuangusha mamia ya watu kwa kutapika na kuhara, hakiogopi sana sanitaiza. Kinaondolewa na sabuni, maji na kusugua kwa sekunde 20, pamoja na kati ya vidole na chini ya kucha. Mtu wa magharibi mwa Kenya hahitaji kufundishwa haya. Kwetu ugali hauletwi kabla birika na beseni havijazunguka, na mwenye nyumba humimina maji akianza na mgeni mkubwa. Meli imegundua desturi hiyo kwa njia ya gharama kubwa. Wagonjwa wakizidi, bafe haifungwi. Koleo huondolewa mikononi mwa wageni na wahudumu wenye glavu wanapakua. Ukiona hivyo asubuhi moja, jua kuna habari ambayo haijatangazwa kwa sauti.

Usiku ni karamu ya kapteni, wa mavazi rasmi. Suti si lazima. Vazi la kitaifa linakubalika, na kitenge kilichoshonwa vizuri au kanzu hupita bila swali. Kapteni hapeani mkono siku hizi. Anagusa kiwiko au anainamisha kichwa, na desturi hiyo ilianza kwa ajili ya noro kabla hata ya korona.

Katikati ya ukumbi kuna mnara wa glasi. Zinatumika glasi bapa zenye mdomo mpana, zote za muundo mmoja na kutoka katoni za kampuni moja, kwa sababu tofauti ya milimita mbili chini inakuwa sentimita juu. Ngazi sita za mraba ni glasi 36, 25, 16, 9, 4 na 1, jumla 91. Kila glasi iguse jirani zake, na kila glasi ya juu isimame juu ya pengo la nne za chini. Meza hupimwa kwa timazi ya maji kisha miguu huwekewa kabari, na sinia pana huwekwa chini kabisa. Mvinyo humiminwa kwenye glasi ya juu peke yake, polepole, hadi ufurike kushuka. Chupa 15 zingetosha kwa hesabu, lakini nyingine mbili au tatu huishia kwenye sinia. Mnara huanguka kwa sababu mbili kuu: mgeni anayeruhusiwa kumimina huku akipigwa picha na kiwiko chake kikagusa ngazi ya tatu, au mtu anayetoa glasi ya chini kabla ya ya juu. Bahari ikichafuka msimamizi anaufuta mnara, na hapo ana haki. Kwa maoni yetu ni onyesho la kamera kuliko ukarimu. Mvinyo wenyewe huwa wa bei ya chini na umeshapoteza povu ukifika glasi ya tano.

Siku ya 4: baharini

Asubuhi kuna zoezi la maharamia. Katika maji haya baadhi ya meli hulifanya: abiria wanaingia korido za ndani, mbali na madirisha na roshani, wanakaa sakafuni. Robo saa, basi.

Saa kumi alasiri ni chai. Kwenye meli za Cunard inaletwa na wahudumu wenye glavu nyeupe huku muziki wa taratibu ukipigwa, na hata kwenye meli za kawaida kuna sandwichi za matango, skonzi, krimu na jemu. Walimu wetu wanatazama kikombe: maji ya kahawia, maziwa baridi kwenye kijagi. "Mwanangu," anasema mmoja, "hii chai imelala." Mhudumu haelewi kosa liko wapi, maana amefuata kila hatua ya kitabu.

Kosa ni la namna mbili. Kwanza, maji yanayokaa kwenye mashine ya maji ya moto hayachemki tena, na chai nyeusi inataka maji yaliyochemka sasa hivi. Pili, majani ya kutoka Kericho au Nandi, yaliyosagwa punje ndogo, hutoa rangi na ukali kwa dakika mbili, ilhali majani makubwa yanahitaji nne au tano. Mhudumu anayewapa wote dakika tatu anawakosea wote. Kwa kikundi kama hiki suluhisho ni rahisi: birika moja la chai kali, birika la pili la maziwa ya moto, si vuguvugu, na vichanganywe mezani nusu kwa nusu. Jikoni haliwezi kuchemsha majani na maziwa pamoja kwa wageni elfu mbili, lakini kwa meza moja litafanya, ukimwambia msimamizi wa ukumbi siku moja kabla. Sheria hiyo ya siku moja kabla inafaa maombi karibu yote ya chakula. Ugali pia unawezekana kama kuna unga wa mahindi stoo, ila utakuja laini kama uji mzito usipoeleza.

Usiku kuna kadi kitandani: sogeza saa mbele. Kenya na Shelisheli zimepishana saa moja, na Maldivi saa moja zaidi. Meli huiba saa hizo usiku, mgeni anaona amelala kidogo tu. Mhudumu wa kabini yeye anapoteza saa ya usingizi mara mbili katika safari moja, na kengele yake ya alfajiri haibadiliki. Anayetegemea simu aiangalie: ikiwa imezimwa mtandao, inabaki na saa za Nairobi, na mwenye simu anafika kwenye kifungua kinywa sahani zikiondolewa.

Siku ya 5: Mahé, Shelisheli

Meli inafunga gati Victoria asubuhi. Mhuri wa uhamiaji una umbo la koko-de-mer, ile nazi kubwa ya visiwa hivi. Anayenunua nazi yenyewe adai cheti chake cha kusafirishia dukani, la sivyo itaishia mikononi mwa forodha. Tunda lolote la kwenye bafe lisishuke nalo mtu.

Kinachostahili kuandikwa siku hii ni taulo ya baridi. Wageni wanarudi kuanzia saa tisa, jasho limewalowesha, mchanga miguuni. Chini ya hema, hatua tano kabla ya ngazi, kuna wahudumu wawili: mmoja ana sinia la taulo zilizoviringishwa, mwingine ana maji yenye vipande vya ndimu. Ni taulo ndogo za uso za sentimita 30 kwa 30, nyembamba. Matayarisho ni haya: lita mbili za maji ya baridi, matone manne ya mafuta ya mchaichai, chovya, kamua mpaka isidondoke tena, kunja mara mbili, viringisha kwa kukaza, panga kwenye trei, funika kwa plastiki, weka friji saa mbili hadi tatu. Hutolewa kwa koleo, kamwe si kwa vidole.

Mambo matatu huharibu. Mafuta yakizidi, mtu wa kwanza kujifuta uso anaanza kulia machozi. Taulo zikitayarishwa jana yake, zinatoka na harufu ya kitambaa kilichosahaulika ndooni. Na zikikaa juani kwenye sinia dakika 10, zinakuwa vitambaa vuguvugu, afadhali kusingekuwa na kitu. Kwa hiyo zitoke 20 kwa 20 kutoka kwenye kasha lenye barafu. Kwa wageni 600 wanaotarajiwa kurudi, zinaandaliwa 700, maana wapo wanaochukua ya pili ya kujifutia miguu.

Hata taulo hii ina kazi ya nyuma. Foleni ya mashine ya usalama ni ndefu saa za mwisho, na mtu mwenye taulo ya baridi shingoni na maji mkononi hagombani. Bado, kati ya desturi zote za melini, hii ndiyo tunayoiheshimu zaidi. Inampa mtu kile anachokihitaji pale pale anapokihitaji, na haipigwi picha.

Saa ya mwisho ya kurudi imeandikwa kwenye ngazi, kwa kawaida nusu saa au saa nzima kabla ya kuondoka. Tunaondoka saa kumi na mbili jioni.

Siku ya 6: baharini

Siku ya kulala na kusoma. Usiku mtu anarudi kabini na kukuta tembo kitandani amevaa miwani yake.

Tembo anahitaji taulo mbili, ya kuogea na ya mikono. Tandaza ya kuogea. Viringisha ncha mbili fupi kuelekea katikati mpaka mizingo ikutane. Kunja yote nusu, mizingo ikibaki nje, kisha isimamishe: ncha nne za mizingo ndizo miguu. Kichwa ni taulo ya mikono. Anzia katikati ya ukingo mmoja mrefu, viringisha upande wa kulia na wa kushoto kuelekea mstari wa kati, itokee ncha kama ile karatasi ya njugu za stendi ya basi. Ncha ndiyo mkonga, ipinde juu. Kwenye upande mpana, vuta tabaka la juu kurudi nyuma kulia na kushoto, hayo ni masikio. Kiweke kichwa juu ya mwili. Mwenye mazoea humaliza kwa dakika moja na nusu, na kwa kabini 16 hiyo ni karibu nusu saa ya kazi ambayo haimo kwenye orodha ya usafi.

Tembo huanguka kwa sababu ya taulo mpya. Manyoya yake marefu yanateleza na miguu inatanuka kama mbuzi aliyezaliwa sasa. Zilizofuliwa mara nyingi, ngumu kidogo, ndizo nzuri. Wapo wanaozilowesha ili zishike. Usifanye hivyo, kwani shuka inabaki na doa la unyevu palepale mgeni anapolaza mgongo. Na chokoleti ya usiku iwekwe juu ya ratiba ya kesho, isiwekwe kwenye mto. Mgeni aliyechoka huzima taa kabla ya kutazama, na doa la chokoleti iliyolaliwa halitoki kwa ufuaji mmoja.

Siku ya 7: ikweta

Mahé hadi Malé ni takriban maili 1,200, na mstari wa ikweta uko kidogo zaidi ya nusu ya njia. Kwa mafundo 17 tunauvuka kama saa moja asubuhi, karibu na digrii 65 mashariki. Kapteni anapiga honi.

Mwalimu wa Maseno anauliza kelele ni za nini. Yeye ikweta ameivuka kila alipokwenda Kisumu kununua chaki, ipo pale barabarani na kibao chake. Wa Nakuru naye anaikuta Mogotio akielekea Baringo. Lakini kwa mabaharia kuvuka kwa gari hakuhesabiki. Neptune, mfalme wa bahari, hana mamlaka barabara ya Busia.

Sherehe inaanza saa nne kando ya bwawa la kuogelea. Baharia mmoja ni Neptune mwenye ndevu na mkuki wa meno matatu, mwingine ni mkewe Amphitrite, na kuna daktari wa uongo na kinyozi. Kapteni anaomba ruhusa ya kupita. Wasiowahi kuvuka wanasomewa mashtaka, wanabusu samaki, wanamwagiwa mchanganyiko na kuingia bwawani. Mwishoni kila mmoja anapata cheti chenye jina la meli, tarehe na longitudo. Zamani haikuwa mchezo. Februari 1832, kwenye meli ya HMS Beagle, mwanasayansi Charles Darwin alifungwa macho, akapakwa lami na rangi usoni, akakwanguliwa kwa kipande cha chuma, kisha akapinduliwa kichwangomba majini.

Ndoo ya leo ni ya upole: tambi zilizochemshwa na kupozwa, krimu, rangi ya chakula, barafu iliyosagwa. Visivyoruhusiwa ni muhimu zaidi ya vinavyoruhusiwa. Mafuta hapana, sitaha inageuka utelezi na mguu unavunjika. Mayai mabichi, njugu na pilipili hapana. Wanaoshiriki ni wa kujitolea, wanavua hereni na vifaa vya masikio, na aliyewahi kufanyiwa upasuaji karibuni anabaki kutazama. Samaki awe mzima, mkubwa, mwenye macho maangavu, atolewe kwenye barafu dakika ya mwisho. Kwa mtu aliyekulia Dunga, kwa wavuvi wa Kisumu, kubusu samaki aliyelala juani nusu saa ni tusi, na atasema. Baada ya kubusiwa samaki hatumiki tena jikoni. Bwawa linafungwa, linamwagwa maji, linasuguliwa na kujazwa upya, na familia zenye watoto ziambiwe hivyo jana yake, vinginevyo malalamiko yote yatamwagikia kaunta ya wageni mchana.

Jioni taa za ukumbi zinazimwa na wahudumu wanaingia kwa mstari, kila mmoja amebeba juu kichwani keki ya aiskrimu iliyookwa, huku wageni wakipunga vitambaa vya mezani. Zamani keki ziliwaka moto wa kweli. Siku hizi ni vitaa vya betri, na ingawa uzuri umepungua, moto kwenye ukumbi wa giza wenye watu 800 haukuwa na utetezi.

Siri yake ni povu. Chini kuna keki ya sponji ya unene wa sentimita mbili, juu aiskrimu iliyogandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri usiku kucha, na juu ya yote ute wa yai uliopigwa na sukari, gramu 50 hadi 60 kwa kila ute mmoja. Melini hutumika ute uliokwisha kutiwa joto kiwandani, kwa usalama. Povu lipakwe unene wa vidole viwili, lifike mpaka kwenye sahani pande zote. Oveni iwe nyuzi 230, dakika tatu hadi nne. Hewa iliyonaswa ndani ya povu inazuia joto, kama nyasi za paa zinavyozuia jua. Penye tundu dogo kama tundu la kalamu, joto linaingia, aiskrimu inatoboka hapo na keki inalia. Sponji ikiwa nyembamba, joto linapanda kutoka kwenye trei. Na mstari wa wahudumu ukisimama mlangoni dakika saba kusubiri muziki, hakuna povu litakaloiokoa. Ndiyo maana mpishi hutoa keki akisikia wimbo wa kwanza kuisha, si akiambiwa "tuko tayari".

Siku ya 8: kuelekea Malé

Kadi ya pili ya saa ilikuwa kitandani jana. Leo kuna bahasha.

Kwenye meli nyingi za kampuni za Marekani bakshishi hukatwa moja kwa moja, takriban dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, na hugawanywa kati ya wahudumu wa kabini, wa mezani na hata wale wa dobi usiowaona. Kwa usiku saba, wawili kwenye kabini moja watakuta zaidi ya dola 220 kwenye hesabu ya mwisho. Wengi wa kwetu hushtuka. Ichunguzeni kabla ya kulipa nauli, na iingizwe kwenye michango ya chama tangu mwanzo. Bahasha ni ya hiari, juu ya hiyo. Ikitolewa, itolewe mkononi, kwa jina, kabla ya chakula cha jioni, kwa sababu kesho asubuhi mhudumu hatakuwa na hata dakika ya kusimama. Kadi ya maneno mazuri inayomtaja kwa jina, ikipelekwa kwa msimamizi, nayo ina thamani ya pesa: huangaliwa anapopandishwa cheo.

Masanduku yawekwe korido kabla ya saa tano usiku, yakiwa na vibandiko vya rangi. Pombe isifungwe ndani, Maldivi hairuhusu msafiri kuingia nayo. Kila safari kuna anayefungasha kila kitu kwa bidii, akalala, akaamka na nguo za kulalia peke yake na bila viatu. Toa kwanza nguo za kesho, ziweke juu ya kiti, kisha viatu juu ya nguo. Halafu ndipo ufunge.

Tunatia nanga Malé wakati wa magharibi.

Siku ya 9: Malé, kushuka

Kabini ziachwe saa mbili asubuhi. Wageni wanashuka kwa mashua kwa rangi za vibandiko vyao, na wenye ndege ya mapema wanatangulia.

Mhudumu wa kabini ana saa nne kabla ya wageni wapya. Hasafishi kabini moja akaimaliza. Anavua shuka za kabini zote 16 kwanza, mifuko inakwenda dobi, halafu mabafu yote, halafu vitanda vyote, vumbi na sakafu mwisho. Godoro linageuzwa, rimoti na swichi zinafutwa kwa dawa, droo zote zinafunguliwa, sefu inakaguliwa. Anapiga magoti na tochi kutazama chini ya kila kitanda. Kwenye ya tisa anakuta jozi ya viatu vyeusi vya mwanamume, namba 43, vimepangwa vizuri ukutani. Anavitia kwenye mfuko wazi, anaandika namba ya kabini, tarehe na saa, anampigia simu msimamizi aulize kama mashua ya rangi ya kijani imeshaondoka.